Nimerudi Mbeya baada ya kutetea tasnifu, lakini usingizi hauji

Binti wa Uyole:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Nimerejea nyumbani baada ya masomo ya uzamivu nchini Uingereza. Nimetetea tasnifu, watahini wamenipitisha kwa masahihisho madogo, na chuo kimenipa miezi 3 ya kuyakamilisha. Nyumbani ni furaha tupu, nami nafurahi pamoja nao. Hata hivyo, saa nane za usiku hunikuta macho, nikiyapanga upya majedwali ya sura ya nne kichwani, na simu ikilia moyo hunienda mbio kana kwamba msimamizi anadai rasimu. Natamani mahali tulivu pa kupumzika kabla sijarudi kufundisha. Nimefikiria Kitulo. Mnanishauri nini?

Mzee wa Kiwira:
Marahaba, mwanangu, na pole kwa masomo. Kitulo ni pazuri mno, ila maua yake huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na sasa ni kipupwe. Uwanda ule uko juu ya mita 2,500 na baridi yake ya Juni si ya kumpeleka mtu aliyechoka. Nenda Matema. Ukishateremka kutoka Tukuyu na kuiacha migomba na mashamba ya chai nyuma, joto la Kyela hukupokea kabla hujaliona Ziwa Nyasa, na pale ufukweni Milima ya Livingstone imesimama karibu kabisa na maji. Omba mtumbwi ukupeleke Ikombe kwa Wakisi, wafinyanzi wa siku nyingi. Kaa kando ya mama mmojawapo, utazame anavyoukanda udongo na kuulainisha mdomo wa chungu kwa kidole kilicholowa, bila haraka yoyote. Mimi nilipostaafu ualimu, utulivu niliupata kwa kutazama kazi ile.

Kaka wa Gangilonga:
Kamwene, dada, na hongera sana. Matema naiunga mkono, ila usiende kabla hujajua ukubwa wa kazi iliyobaki. Nilisoma Ujerumani, na ninaamini kinachokuamsha usiku ni kutojua mwisho wa kazi ulipo. Isome taarifa ya watahini mchana mmoja, uandike kila sahihisho kwenye daftari, kisha umwandikie msimamizi tarehe utakayoanza kuyashughulikia. Baada ya hapo, barua pepe ziondoe kwenye simu.

Mama Muuguzi, Makambako:
Mwanangu, hayo yote ni mema, lakini usingizi usiuchukulie kirahisi. Kahawa iishie asubuhi, na usijinunulie vidonge vya usingizi duka la dawa. Hali ikiendelea kwa wiki kadhaa, au ukianza kukosa hamu ya kula na kuona watu, nenda hospitali ukamweleze daktari waziwazi. Hakuna aibu hata kidogo. Pia mwombe mama yako akupokelee wageni wa pongezi kwa siku chache, kwa sababu kusimulia habari za Uingereza kila jioni nako kunachosha.

Binti wa Uyole:
Asanteni sana. Taarifa ya watahini nitaisoma kesho mchana, na mama amekubali kuwapokea wageni. Mzee wangu, nitoke Mbeya saa ngapi ili nisifike Matema usiku?

Mzee wa Kiwira:
Toka alfajiri, mwanangu, uunganishe magari mchana, na ubebe sweta la kuvaa Tukuyu tu.