Lushoto mwezi wa saba, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, mi na washkaji watatu tunataka kwenda Lushoto wikiendi moja mwezi wa saba, tunatoka Dar Ijumaa jioni na gari ya mshkaji, Toyota IST. Sasa ile barabara ya kupanda kutoka Mombo, kona kona na korongo pembeni, usiku tena na ukungu, mtu ambaye hajawahi kuendesha milimani ataweza kweli au bora tulale Mombo tupande asubuhi? Halafu baridi, kuna mmoja anasema sweta moja inatosha, mi nilienda mwezi wa nne tu nikalala na soksi na jaketi lol. Na Irente, pale kileleni pa kuangalia mandhari, twende asubuhi au jioni? Bajeti laki na nusu kila mtu, mafuta mbali.