Kitabu cha Tobiti: ni nani aliyeongeza, na ni nani aliyepunguza vitabu vya Biblia?

Msomaji wa Machame aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu wa Katoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Nina swali ambalo limeitatiza familia yetu, na ningeomba lijibiwe na watu wanaoifahamu historia ya Kanisa, pasipo kutupiana maneno. Sisi ni Walutheri tangu enzi za babu, na baba yangu ni mzee wa kanisa usharikani kwetu. Hivi karibuni dada yangu aliolewa na kijana Mkatoliki, ndoa ikafungwa katika Misa parokiani kwa mume wake. Somo la kwanza lilitoka katika kitabu cha Tobiti, sura ya 8, pale ambapo Tobia na Sara wanaondoka kitandani usiku wa ndoa yao, wanamwomba Mungu awahurumie na kuwajalia wazeeke pamoja, kisha wote wawili wanaitikia Amina. Somo lilikuwa zuri, na hata baba alikiri hivyo. Lakini tuliporudi nyumbani alichukua Biblia yake ya Union Version, akatafuta mwisho wa Nehemia, akafunua ukurasa, akakuta Esta. Shemeji naye alileta Biblia yake: baada ya Nehemia kuna Tobiti, kisha Yudithi, ndipo anafuata Esta.

Tangu hapo mazungumzo yamekuwa mazito. Baba anashikilia kwamba Wakatoliki waliongeza vitabu 7, na anasoma Ufunuo 22:18-19 juu ya adhabu ya mtu anayeongeza. Wakwe wa dada yangu wanashikilia kwamba Martin Luther ndiye aliyeviondoa, nao wanasoma mistari hiyohiyo juu ya adhabu ya anayepunguza. Mimi nauliza kwa moyo mweupe: ni nani aliyeongeza, au ni nani aliyepunguza? Tena, ikiwa Neno la Mungu ni moja, inakuwaje Wakristo tusikubaliane hata juu ya idadi ya vitabu vyake?

Katekista Mstaafu alijibu:

Milele Amina, mwanangu. Swali lako ni la siku nyingi, na nitakueleza ninavyolifundisha kwa wakatekumeni, ingawa mimi ni Mkatoliki na sitaificha imani yangu.

Karne kadhaa kabla ya Kristo, Wayahudi wengi walikuwa wakiishi nje ya nchi yao na kuzungumza Kigiriki, hasa katika mji wa Aleksandria kule Misri. Huko, kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Maandiko yalitafsiriwa kwa Kigiriki, na tafsiri hiyo tunaiita Septuaginta. Kanisa la mwanzo lilipoenea katika miji ya Wagiriki na Warumi, lilisoma Agano la Kale kwa Kigiriki hicho, na pamoja nalo likasoma Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na vitabu viwili vya Wamakabayo. Mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ya Afrika ya Kaskazini, ule wa Hippo mwaka 393 na ule wa Kartago mwaka 397, ilivitaja vitabu hivi katika orodha ya Maandiko, na Mtakatifu Agostino, ambaye ni mtoto wa Afrika hiyohiyo, alivitetea kwa nguvu zote. Kwa hiyo wanaosema kwamba tulivipachika ili kumjibu Luther wanakosea kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hata hivyo ni lazima niseme na upande wa pili. Mtakatifu Yeronimo, aliyetutafsiria Biblia ya Kilatini, alijifunza Kiebrania akakaa Bethlehemu, na huko akaandika waziwazi kwamba vitabu visivyopatikana kwa Kiebrania havipaswi kuhesabiwa pamoja na vile vilivyopatikana. Kuhusu Tobiti anasimulia kwamba aliifanya tafsiri hiyo kwa kazi ya siku moja, kwa ombi la maaskofu wawili, akisaidiwa na mtu aliyejua Kiaramu na Kiebrania: yule alimsomea kwa Kiebrania, naye Yeronimo akamtamkia mwandishi wake kwa Kilatini. Basi katika Kanisa lile lile, katika kizazi kile kile, Agostino alisema hivi na Yeronimo akasema vile, na hakuna aliyemwita mwenzake mzushi. Mabishano hayo yaliendelea kimyakimya katika Zama za Kati, mpaka Mtaguso wa Trento ulipoyafunga kwa upande wetu tarehe 8 Aprili 1546.

Nakuomba pia uwaambie wakwe wa dada yako jambo moja, na uwaambie limesemwa na Mkatoliki: Luther hakuvitupa vitabu hivi. Katika Biblia yake kamili ya Kijerumani ya mwaka 1534 alivitafsiri na kuviweka kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, chini ya kichwa kinachosema kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini vinafaa na ni vizuri kusomwa. Mimi nasema alikosea kuvishusha daraja. Lakini kumwita mwizi wa Maandiko ni kumsingizia, na amri ya nane inatukataza.

Mtafuta Ukweli alijibu:

Nijuavyo mimi, vitabu vyote vya Biblia vilichaguliwa kwa kura katika Mtaguso wa Nikea mwaka 325 kwa amri ya Kaizari Konstantino, na vingine vikachomwa moto. Je, si huko ndiko tofauti hii ilikoanzia?

Mama Neema wa Dodoma alijibu:

Ndugu Mtafuta Ukweli, habari hiyo imeenea sana, lakini haina msingi. Mtaguso wa Nikea ulishughulikia mafundisho ya Ario juu ya Mwana wa Mungu na tarehe ya kuadhimisha Pasaka, na kanuni zake 20 zilizotufikia hazina orodha yoyote ya vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, ni ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, na hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40 tangu Nikea.

Sasa nirudi kwa aliyeuliza. Mimi ni Mwanglikana na nafundisha darasa la Kipaimara, na ningependa baba yako apate sababu zetu zilizo imara badala ya ule mstari wa Ufunuo, kwa maana Yohana alikuwa akikilinda kitabu chake mwenyewe, tena katika Kumbukumbu la Torati 4:2 yamo maonyo ya namna hiyohiyo na baada yake vikafuata vitabu vingi.

Sababu yetu kubwa ni hii. Paulo anasema katika Warumi 3:2 kwamba Wayahudi ndio waliokabidhiwa maneno ya Mungu. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile ya mitume, anaandika kwamba taifa lake lina vitabu 22 vinavyoaminiwa, na hesabu ya marabi ni vitabu 24. Hesabu hizi zisikushtue, kwa sababu wao huhesabu Samweli kuwa kitabu kimoja, vivyo hivyo Wafalme na Mambo ya Nyakati, Ezra pamoja na Nehemia kimoja, na manabii wadogo wote 12 kimoja; ukivitenganisha vile 24 unapata 39 tulivyonavyo. Hata huyo Atanasi niliyemtaja aliviweka Tobiti, Yudithi, Hekima na Yoshua bin Sira kando, akisema ni vya kusomwa na wanaojifunza imani. (Haki inanidai niongeze kwamba Baruku alimhesabu pamoja na Yeremia, na Esta akamweka kando, kwa hiyo orodha yake hailingani kikamilifu na yetu wala na ya Katekista.) Kanisa letu lilipoandika Ibara 39 lilimfuata Yeronimo na kumtaja kwa jina katika ibara ya 6: vitabu hivi husomwa kwa mfano wa maisha na mafunzo ya mwenendo, ila fundisho la imani halijengwi juu yake.

Kwa nini basi Biblia ya baba yako haina hata hiyo sehemu ya katikati aliyoiweka Luther? Jibu liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitoka nayo. Ila katika miaka ya 1820 palizuka ugomvi mkali ndani ya Chama cha Biblia cha Uingereza, hasa kwa msukumo wa Waskoti, wakapinga fedha za chama kutumika kuchapa vitabu hivyo. Chama kikakubali, na Biblia kilizozisambaza katika nchi za misheni kwa muda mrefu baada ya hapo zilikuwa za vitabu 66. Ndivyo babu zetu walivyozipokea. Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba vitabu 66 ndiyo desturi ya Waprotestanti tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana tunashtuka tukisikia Tobiti akisomwa kanisani.

Wala sioni sababu ya kuviogopa. Ukisoma Yohana 10:22 unamkuta Bwana Yesu Yerusalemu wakati wa sikukuu ya kutabaruku hekalu. Sikukuu hiyo huioni ikianzishwa popote katika vitabu vyetu 39. Unaisoma katika 1 Wamakabayo sura ya 4, Yuda Makabayo alipolitakasa hekalu lililonajisiwa na mfalme Antioko. Waebrania 11:35 nayo inawataja watu walioteswa wakakataa kuokolewa ili wapate ufufuo ulio bora, na wafafanuzi wengi, wa pande zote, hupeleka macho kwenye 2 Wamakabayo sura ya 7, kwa yule mama na wanawe 7.

Msomaji wa Machame aliandika:

Ninawashukuru sana, Baba Katekista na Mama Neema. Nimemsomea baba, naye akanyamaza kwa muda, kisha akauliza swali lake mwenyewe, ambalo naona ndilo lililokuwa chini ya yote. Anasema kwamba Wakatoliki wanavishikilia vitabu hivi kwa ajili ya toharani, yaani fundisho la kutakaswa kwa roho baada ya kufa, kwa sababu ya ile habari ya kuwaombea wafu katika 2 Wamakabayo 12. Je, ni kweli?

Katekista Mstaafu alijibu:

Mpe mzee shikamoo yangu, na umwambie kwamba amegusa mahali penyewe. Mwaka 1519 kule Leipzig, Johann Eck, mwanateolojia Mkatoliki, alipobishana na Luther juu ya toharani alimtolea andiko hilohilo, naye Luther akajibu kwamba kitabu hicho hakimo katika orodha ya Maandiko na hakina nguvu katika mabishano. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba mambo haya mawili hayahusiani.

Andiko lenyewe linasema hivi: baada ya vita, Yuda Makabayo alikuta askari wake waliouawa wakiwa na hirizi za miungu chini ya nguo zao, akachanga fedha drakma 2,000, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, kwa kuwa aliamini kwamba watafufuka. Sisi tunaona hapo msingi wa kuwaombea marehemu. Lakini desturi hiyo haikusubiri mtu aichimbe kutoka kitabuni. Tertuliano, Mwafrika wa Kartago, anaitaja mnamo mwaka 200 kuwa desturi iliyopokelewa, na Agostino aliwasihi wasomaji wake wamkumbuke mama yake Monika altareni.

Tena ndugu zetu Waorthodoksi wanavisoma vitabu hivi na kuwaombea wafu wao kila mara, lakini fundisho letu la toharani kama lilivyoelezwa na Kanisa la Magharibi hawalipokei. Mzee alipime hilo. Mtu anaweza kuvipokea vitabu bila kuipokea toharani, na kuikataa toharani hakumlazimishi kuvikataa.

Mama Neema wa Dodoma alijibu:

Nakubaliana na Katekista juu ya Waorthodoksi, ingawa juu ya kuwaombea wafu kanisani kwetu hatuna kauli moja, na sitalifungua hilo hapa.

Limebaki swali lako la pili, la Neno moja na hesabu tofauti, na ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa vijana wangu huliuliza wakiwa na hofu kwamba msingi unatikisika. Kanisa la Tewahedo la Ethiopia husema Biblia yake ina vitabu 81, kikiwamo kitabu cha Henoko, ambacho Waraka wa Yuda unanukuu maneno yake katika mistari ya 14 na 15. Wakatoliki wana 73, sisi 66. Ila Injili 4 na nyaraka za Paulo ni zilezile kwa Wakatoliki, Waorthodoksi na sisi, na vitabu 39 vya Waebrania havikatazwi na yeyote kati yetu. Mungu alisema kwa njia ya watu wengi kwa karne nyingi. Kuitambua sauti yake kulifanywa na makanisa yaliyotengana kwa bahari na lugha, na pembezoni mwa Agano la Kale hayakufika mahali pamoja. Mimi naamini upande wetu una sababu bora zaidi, lakini siamini kwamba mwamini anayesoma Tobiti amepotea.

Kwa ajili ya nyumba yenu, tafuteni Biblia Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni (ndivyo hivi tunavyovizungumzia), ambayo imetokana na ushirikiano wa Vyama vya Biblia na Kanisa Katoliki katika kutafsiri. Baba yako aanze na 1 Wamakabayo, kwa sababu ni historia tupu na itamsaidia kuelewa Wayahudi walipitia nini kati ya Malaki na Mathayo. Tobiti amsome baadaye, pamoja na mkwewe, na wakifika sura ya 12, mahali malaika Rafaeli anaposema kwamba sadaka huokoa na mauti, waulizane kwa upole jinsi maneno hayo yanavyosimama mbele ya Waefeso 2:8-9. Hapo ndipo Mlutheri na Mkatoliki watakuwa na jambo la kweli la kujadiliana.