Flanji ya choo imezama chini ya vigae vipya: niipandishe kwa njia gani?

Swali

Habari zenu wadau. Nimeweka vigae vipya bafuni juu ya sakafu ya zamani, na sasa flanji ya choo cha kukaa, yaani ile pete inayozunguka mdomo wa bomba la maji taka, imebaki milimita 12 chini ya uso wa vigae. Ni ya plastiki, haijapasuka, na imeshikwa vizuri kwenye zege. Nimeshauriwa nipandanishe pete mbili za nta kisha nikalishe sinki la choo juu yake. Je, njia hiyo itadumu, au ni lazima flanji yenyewe ipandishwe?

Jibu la kwanza

Ndugu, pandisha flanji. Kazi ya nta ni kuziba tu; haizuii sinki kuyumba, na ikishakandamizwa hairudi katika unene wake wa awali, kwa hiyo sinki likitikisika hata kidogo, mwanya hufunguka mahali usipopaona na maji machafu yakaanza kupenya chini ya vigae. Wapo waliopandanisha pete mbili wasipate shida, sikatai, lakini mimi nisingethubutu.

Tumia pete za kuinulia flanji, ambazo huuzwa kwa unene mbalimbali. Lengo ni uso wa flanji uwe takriban milimita 6 juu ya vigae, hivyo kwako unahitaji kupandisha kama milimita 18. Kwangua nta yote ya zamani, ziba bomba kwa tambara ili hewa chafu isipande na skrubu isidumbukie, kisha panga pete zikiwa kavu na upime kwa rula iliyolazwa juu ya vigae. Ukiridhika, zitoe, paka silikoni kati ya kila tabaka, uzirudishe na kuzikaza kwa skrubu ndefu zisizoshika kutu, zinazopita tabaka zote hadi kwenye plagi, yaani vishikio vya plastiki vya skrubu, ndani ya zege. Skrubu zikiishia kwenye plastiki ya juu, hujafanya kitu.

Jibu la pili

Naunga mkono, ila hakikisha kwanza kwamba vigae havikukatwa kwa kuibana sana flanji, kwa maana pete za kuinulia zisipopata nafasi itabidi upanue tundu la vigae kwa grainda. Badala ya nta, unaweza pia kutumia raba ya kuzibia, ambayo ina faida kwamba sinki likikaa upande unaweza kulinyanyua na kulirudisha, ilhali nta ikishabonyezwa ni lazima uweke mpya.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, bolti za zamani za kushikia sinki kwenye flanji zitafaa?

Jibu la kwanza

Kwa kimo hicho zitakuwa fupi. Nunua ndefu, kisha ukate kinachozidi baada ya kukaza. Kabla ya kuweka nta, toa lile tambara, kisha jaribu kukalisha sinki likiwa tupu: likiyumba, weka kabari za plastiki chini yake, usitegemee nati kulituliza. Kaza upande mmoja kidogo, kisha wa pili, kwa zamu, na uache mara tu sinki linapotulia, kwa kuwa kauri hupasuka bila kutoa onyo. Ukipaka silikoni kuzunguka kitako, acha sehemu ndogo ya nyuma wazi ili maji yakivuja yaonekane mapema.