MREJESHO: Mbao za jahazi la marehemu babu zimekuwa fremu

Wakuu, niliuliza jinsi ya kugeuza mbao za mvule za jahazi la babu ziwe fremu za picha bila kufuta ukongwe wake. Zimetoka sita.

Mliosema nianze na sumaku, ahsanteni: msumari uliokatikia ndani hauonekani, na mmoja tu unatosha kung'oa meno ya msumeno. Chumvi ndiyo kazi. Mbao zililowekwa maji ya bomba siku tano, yakibadilishwa kila siku, kisha zikapangwa kivulini wiki sita, vijiti katikati. Ukiruka hapo, chumvi inavuta unyevu na mbao haikauki.

Randa ilipita nyuma tu. Mbele ni brashi, na msasa namba 180 kwenye kingo. Ule weusi kuzunguka matundu ya misumari ndio uzuri wenyewe. (Vaeni barakoa, vumbi la mvule linawasha vibaya.)

Fremu mbili ziliachia kona: gundi ilipakwa juu ya masalia ya sifa (mafuta ya papa yanayopakwa majahazi). Zikaparuliwa hadi mti safi, zikafutwa spiriti, zikabanwa saa 24. Mwisho mafuta ya kitani, mikono miwili (tabaka mbili) myembamba. Matambara yake tandazeni nje yakauke. Yakirundikwa hujiwasha moto.