Wimbo wa Twaha

Shangazi Rukia: Asalaam aleikum. Twaha mwanangu, ule wimbo uliouweka status jana, kijana ananguruma Kijerumani vile, anasema nini? Umenikaa moyoni na sijaelewa neno.

Twaha: Waleikum salaam shangazi, shikamoo. Huyo ni OG Keemo, rapa wa hukuhuku Mannheim, Ujerumani. Umo kwenye albamu ya Mann beisst Hund, 2022. Kisa cha marafiki waliokulia mtaa mmoja wa maghorofa, urafiki wao ukaja kuharibika.

Shangazi Rukia: Marahaba baba.

Mjomba Salim: Mie kufokafoka kwa huko nakujua, ni matusi, pesa na magari.

Twaha: Hizo zipo mjomba, tena nyingi. Lakini chukua rapa Haftbefehl wa Offenbach, jirani na Frankfurt. Anaimba unga wa kulevya na ubabe, ila babake alijiua yeye akiwa na miaka 14. Ukimsikiliza kwa makini, watu wamemzunguka na hamwamini hata mmoja.

Salma: Hapo ndipo wanaponichosha. Mtu anafunga mlango mwenyewe halafu analalamika hakuna aliyebisha hodi.

Twaha: Dada, rudi nyuma kidogo. 1992 kundi la rap la Advanced Chemistry wa Heidelberg walitoa wimbo Fremd im eigenen Land, yaani mgeni katika nchi yako mwenyewe. Mmoja ana asili ya Haiti, mwingine Ghana, mwingine Italia. Mtu ana pasipoti ya Ujerumani mfukoni na bado anaulizwa kwao wapi, atarudi lini. Na mwaka ule nyumba za wahamiaji zilikuwa zinachomwa moto, miji ya Rostock na Mölln. Hao hawakujitenga, walitengwa. Marapa waliokuja baadaye ndio wakasema basi, hamnitaki, nami siwataki.

Salma: Na wazungu wenyewe je? Nao wametengwa na nani?

Twaha: Rapa Casper ni mzungu, na albamu yake ya XOXO ya 2011 ilishika namba moja huku ikiwa imejaa majonzi. Huku zaidi ya nyumba 4 katika kila 10 anakaa mtu mmoja. Desemba 2023 serikali ilipitisha mkakati wa kupambana na upweke.

Mjomba Salim: Serikali nzima! Basi limekuwa kubwa.

Salma: Sawa, nakuelewa. Lakini wimbo wa "simhitaji mtu" ukiusikiliza peke yako chumbani kila siku, mwishowe unauamini.

Twaha: Mie naona kinyume. Asiyemhitaji mtu hakeshi studio akipanga vina ili asikike. Angenyamaza tu.

Salma: Na wewe unayenyamaza? Mama anapiga, hupokei.

Twaha: Nikitoka zamu ya usiku sina sauti, dada. Wodini naongea dawa na shinikizo la damu, nikirudi chumbani hakuna wa kumwambia hata "nimechoka". Wiki inapita sijatamka neno la Kiswahili. Nikiona simu ya mama naogopa atanijua kwa sauti. Huyu Keemo ananisemea.

Shangazi Rukia: Sasa umesema mwenyewe, na nimefurahi umesema. Mama yako akikujua kwa sauti kuna ubaya gani? Jumapili baada ya adhuhuri tutapiga video, bibi naye atakuwepo. Usipopokea nitapiga tena na tena.

Twaha: Jumapili sina zamu. Nitapokea, shangazi.

Mjomba Salim: Na ule wa 1992 nitafsirie wote uniandikie hapa, beti kwa beti. Nataka kuusoma.