MREJESHO: Mdogo wangu aliyekuwa na macho ya njano, Tanga

Wapendwa, asanteni sana. Niliuliza hapa mwezi wa pili kuhusu mdogo wangu, yupo Ngamiani: macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, chakula hakipandi. Mama alishika kwamba ni nyongo, akawa anamchemshia mitishamba. Mkaniambia dawa za miti ziachwe, akapimwe damu.

Majibu: homa ya ini B, yaani virusi vinavyoshambulia ini. Kumwachisha mitishamba kulileta maneno nyumbani, hadi daktari alipomweleza mama kwamba ini hilohilo linaloumwa ndilo linalobeba kila anachokunywa. Akaelewa, Mungu ambariki.

Njano iliondoka baada ya wiki chache, tukashangilia mapema. Kipimo cha miezi sita kimeonyesha virusi bado vipo, yaani imekuwa sugu (ya muda mrefu). Imetuuma. Hajaanzishiwa dawa, ila anafuatiliwa ini kliniki.

Shemeji, mwenzi wake, hana maambukizi, amechanjwa kwa ratiba ya dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Kaka mkubwa amegoma kupima mpaka sasa. Mdogo wangu hatukumtengea sahani, tumetenga wembe na mswaki tu, kama mlivyonielekeza.