Re: Viti vya MGB vinanimaliza mgongo, niweke vya gari gani?

Wanajumuiya habari za asubuhi. Nimenunua MGB ya 1972, ile gari ndogo ya Kiingereza ya watu wawili yenye paa la turubai, kwa mzee mmoja hapa Nairobi aliyekuwa anahama, gari tamu jamani ila nikifika Naivasha kiuno hakiniachi na mama watoto ameshagoma kupanda. Kuna aliyewahi kubadilisha viti?
Wa Kilimani

Kaka hongera sana kwa gari, na pole ya mgongo, yaani nakuelewa kabisa maana ya kwangu ni ya 1970 na kuna kipindi nikishuka pale Mai Mahiu karibu na lile kanisa dogo la Wataliano nasimama nimeshika mlango dakika tano nzima ndo miguu inakubali kutembea.

Kabla hujatoa hata shilingi, ng'oa kiti cha dereva ukipindue uangalie chini. Viti vingi vya MGB sponji yake imekalia lastiki iliyovutwa kwenye fremu kwa ndoano, na lastiki ya miaka hamsini imeshakauka na kupasukapasuka. Mimi nilipopindua changu ndoano mbili zilikuwa zinaning'inia na unga mweusi ukanimwagikia kwenye viatu. Makalio yanazama, magoti yanapanda, kiuno kinajikunja, sasa hapo hata ununue mito kumi maumivu yako palepale. Kama fremu ni nzima, lastiki mpya na sponji mpya zinatosha na unabaki na kiti chake halisi. Lastiki zipo Uingereza kwa wauza spea za MG, ukikosa wa kukubebea basi fundi wa makochi akufungie mikanda ya lastiki ya sofa, aivute kwelikweli. Sponji mwambie chini aweke nzito, ile ya godoro la hai densiti, juu laini inchi moja tu. Ukimwachia mwenyewe atajaza laini tupu, ukikaa pale dukani unatabasamu, kufika Limuru umeshakalia chuma.

Ukiamua kubadilisha kabisa, usirudie kosa langu. Nilienda kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road nikaona viti vya gari la kawaida la familia la Kijapani, vipana, kitambaa kama velveti, nikakaa nikasema nimefika, nikalipa. Nyumbani kiti hakishuki kati ya mlango na lile tuta la gia, tulipokilazimisha usukani ukanilalia mapajani, na turubai likifungwa kichwa kinagusa. Muuzaji hela hakurudisha. Mara ya pili nikakata katoni upana wa ile nafasi ya sakafuni nikawa natembea nayo dukani hadi dukani, kiti kikizidi katoni siulizi hata bei. Pima pia toka sakafuni mpaka utosini ukiwa umekaa na turubai limefungwa, watu wengi wanapima upana wanasahau urefu.

Vilivyoingia kwangu ni vya Mazda MX-5 ile ya kwanza, ya 1989 mpaka 1997, Wajapani waliiuza kwa jina la Eunos Roadster. Nayo ni gari nyembamba ya watu wawili ndo maana viti vyake havina mbwembwe za upana, mgongo unalala, na egemeo la kichwa limeungana na kiti. Hilo la kichwa kaka usilichukulie poa, vyangu vya zamani havikuwa nalo na ukigongwa kwa nyuma shingo haina pa kuegemea. Chukua na reli zake, zile kiti kinatelezea mbele na nyuma, ila matundu hayalingani na ya MGB kwa hiyo lazima utengenezewe vyuma vya kuunganishia. Chini ya reli za zamani utakuta vipande vya mbao, usivitupe, vinasaidia kupandisha au kushusha kiti.

Na hapa nakusihi kama mdogo wangu, fundi asichomelee reli kwenye sakafu. Wa kwangu alishawasha mashine nikamzuia. Inua zulia kwanza uchokonoe sakafu kwa bisibisi, kama ina kutu ishughulikie hiyo kabla ya kiti. Halafu tumia bolti ngumu, zile zilizoandikwa 8.8 kichwani, na washa pana kwa chini, na mkanda ubaki umefungwa kwenye bodi ya gari palepale ulipokuwa.

Kitambaa au ngozi ni mapenzi yako, ila kama unaendesha bila turubai reksini nyeusi kwenye jua la saa saba itakuchoma mapaja. Vile vya zamani vifunge vizuri uvitunze, siku ukitaka kuipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Racecourse Ngong Road au kuiuza utavitafuta.
Wa South B

Kaka shikamoo na asante sana. Nimepindua jana usiku kwa tochi ya simu, ndoano nne zimeachia na lastiki imechanika katikati kabisa, fremu lakini haina hata kutu. Kumbe nilikuwa nakaribia kupoteza hela bure kwa viti vingine. Naomba unipeleke kwa huyo fundi wako wa makochi Jumamosi.
Wa Kilimani

Marahaba. Njoo saa nne, na ulete na cha abiria, mama watoto naye ana mgongo.
Wa South B